Henry Wellcome na kinini kinachopaswa kuyeyuka tumboni

Wakaaji wengi wa Lusangi, Kasongo na Kabambare wanameza kinini bila kujiuliza namna gani unga umekuwa kitu kigumu hivi. Mmoja wa watu walioeneza dawa za namna hiyo duniani ni Henry Wellcome.

Alizaliwa mwaka wa 1853 katika jimbo la Wisconsin, Marekani, katika jamaa ya watu wa hali ya chini. Ndugu ya baba yake alikuwa munganga mwenye duka la dawa, na pale kijana akaanza kuzoea kazi. Alimaliza masomo ya dawa Philadelphia mwaka wa 1874. Mwaka wa 1880 akavuka bahari mpaka London, akaungana na Mmarekani mwenzake, Silas Burroughs.

Wakati ule dawa nyingi zilikuwa za maji, za unga ao vidonge vya kuviringisha kwa mkono. Kupima sawasawa ilikuwa shida, na kuzibeba safarini shida zaidi. Livingstone, aliyeugua miezi mingi huku Kabambare mwaka wa 1870, alikuwa amekwisha kupoteza sanduku lake la dawa tangu 1867.

Wellcome hakuvumbua mashini ya kukandamiza unga. Mwingereza William Brockedon aliandikisha yake mwaka wa 1843. Lakini Wellcome alijua kuuza. Mwaka wa 1884 akatunga jina Tabloid kwa dawa zake. Rafiki yake Stanley alibeba masanduku ya kampuni hiyo katika safari ya 1887, ile ambayo Tippu Tip wa Kasongo aliahidi kuitafutia wapagazi.

Kazi ya kukandamiza ina mtego wake. Unga unashika kwenye chuma, kinini kinapasuka, mashini inakwama. Ndiyo maana leo viwanda vingi vinatia unga mweupe laini, stearati ya magnesiamu, ambao ni kama ndugu ya sabuni. Mara nyingi gramu 1 kwa kila gramu 100 inatosha, hata chini ya hapo. Sasa kinini kinatoka bila kushika.

Lakini kitu hicho kinakataa maji. Kikizidi, ao kikichanganywa muda mrefu kupita kiasi, kinafunika kila chembe ya dawa. Maji ya tumbo yanachelewa kuingia, kinini kinachelewa kuvunjika, na dawa inaweza kupita mwilini bila kufanya kazi yote. Mgonjwa wa malaria amemeza kipimo chote, homa inabaki, naye anasema dawa ni ya uongo.

Jicho haliwezi kuona kosa hilo. Kinini kinaweza kung'aa na kuwa kigumu vizuri, kumbe ndani kimefungwa. Kwa hiyo maabara zinakitia ndani ya maji yenye joto la digri 37, kama la mwili, na kupima dawa iliyoyeyuka kwa dakika.

Wellcome mwenyewe alipenda maabara: ya kwanza aliifungua mwaka wa 1894, kisha akasaidia kuweka nyingine Khartoum. Alikufa London mwaka wa 1936. Kampuni aliiacha mikononi mwa shirika la Wellcome Trust, ambalo mpaka leo linalipia utafiti wa magonjwa, pamoja na malaria.