Orville Wright, fundi baiskeli aliyeiheshimu nati

Leo naomba tuache siasa na mpira kidogo. Nataka tumuongelee jamaa aliyefariki zamani, mwaka 1948, lakini kila ndege mnayoiona hapa Moshi ikishuka kwenda kutua KIA ina mkono wake. Ni Orville Wright wa Marekani, mdogo wake Wilbur. Ndio wale ndugu wawili tuliosoma shuleni kwamba walirusha ndege ya kwanza yenye injini. Shuleni tuliishia hapo. Mimi nataka niwape kile kipande ambacho huwa kinarukwa: jinsi nati zilizolegea zilivyokaribia kuikwamisha ndege ile, na jinsi waya mmoja uliong'oka ulivyoondoka na roho ya mtu.

Orville alizaliwa tarehe 19 Agosti 1871 katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Baba yake, Milton, alikuwa askofu. Mwenye mikono ya ufundi pale nyumbani alikuwa mama, Susan, lakini kifua kikuu kikamchukua mwaka 1889. Orville hakumaliza sekondari, aliacha akaingia kwenye kazi ya uchapaji. Hata Wilbur, pamoja na akili zake zote, hakuwahi kupewa cheti cha sekondari. Chuo kikuu hakuna aliyekanyaga. Sisemi hivi ili mtu aache shule, wazazi wasije wakanitafuta bure! Nasema kwa sababu wengi wetu matokeo ya form four yakishatoka vibaya tunajiona tumekwisha.

Mwaka 1892 wakafungua duka la baiskeli. Kwanza walikuwa wanauza na kutengeneza, baadaye wakaanza kuunda za kwao wenyewe. Pesa ya baiskeli ndiyo iliyojenga ndege, maana hawakuwa na serikali nyuma yao wala tajiri wa kuwabeba. Ndege yao ya 1903 iliwagharimu chini ya dola 1,000. Walipokosa kiwanda cha kuwapa injini nyepesi, fundi wao wa dukani, Charlie Taylor, akaiunda mwenyewe kwa muda wa kama wiki sita. Silinda nne, nguvu za farasi kama 12. Nguvu hiyo ilifika kwenye propela mbili kwa njia ya cheni na sproketi, vilevile kama baiskeli ya mzee wako.

Basi bwana, Novemba 1903 wako kambini karibu na kijiji cha Kitty Hawk, pwani ya North Carolina. Wanawasha injini kwa majaribio. Magneto haitoi cheche za kutosha, injini inakohoa, inaruka-ruka, na mtikisiko wake unaharibu shafti za propela. Zikarudishwa Dayton kwa Taylor akazitengeneze. Ziliporudi tarehe 20 Novemba, likaja tatizo jingine: nati zinazoshika sproketi zilikuwa zinalegea kila injini ikiwaka. Wanakaza, zinalegea. Wanakaza tena, wapi!

Hapo ndipo ubaiskeli ukawaokoa. Walichukua gundi kali, ile waliyokuwa wakibandikia tairi za baiskeli kwenye rimu, wakaimimina kwenye meno ya nati, wakakaza. Nati hazikulegea tena. Lakini siku chache baadaye shafti moja ikapata ufa. Orville akapanda treni kurudi Dayton, akatengeneza shafti mpya za chuma kizima badala ya zile za bomba, akarejea kambini tarehe 11 Desemba. Siku sita baadaye, tarehe 17 Desemba 1903, Orville akiwa amelala kifudifudi juu ya bawa la chini, ndege ikaruka sekunde 12, mita 36 hivi. Siku hiyohiyo Wilbur akaipeleka sekunde 59, mita 260.

Ukiangalia vizuri, mabawa yalikuwa tayari muda wote ule. Waliokuwa wanachelewesha historia ni nati na shafti.

Miaka mitano baadaye Orville akalipa bei kubwa. Tarehe 17 Septemba 1908, pale Fort Myer karibu na Washington, alikuwa akiwaonyesha wanajeshi ndege yake, amembeba luteni kijana anaitwa Thomas Selfridge. Propela moja ikapata ufa, ikaanza kutikisika, na katika kutikisika huko ukang'oka waya unaoshikilia usukani wa nyuma. Ndege ikaenda chini kwa kichwa. Selfridge akafariki jioni ile, akawa mtu wa kwanza kufa katika ajali ya ndege yenye injini. Orville alivunjika paja na mbavu. Dada yake, Katharine, aliacha kazi yake ya ualimu kwa muda, akaja kumuuguza wiki kadhaa. Na jamaa hakulala tu pale kitandani. Aliletewa vipande vya ndege hospitalini, akavichunguza kimoja kimoja mpaka akajua kilichotokea. Kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe.

Wilbur alifariki kwa homa ya matumbo mwaka 1912. Orville aliuza kampuni yao mwaka 1915, na mwaka 1918 akarusha ndege kwa mara ya mwisho kama rubani. Hakuoa. Inasimuliwa kwamba Januari 1948, akiwa na miaka 76, alitumia asubuhi nzima kutengeneza kengele ya umeme ya mlango wa nyumba yake, na siku hiyohiyo moyo ukamsumbua. Alifariki tarehe 30 Januari. Mtu aliyefungua anga, bado anahangaika na waya wa kengele!

Sasa hayo yanatuhusu nini sisi tulio chini ya mlima? Miaka 26 tu baada ya Kitty Hawk, Januari 1930, Mswisi Walter Mittelholzer alipita na ndege Kilimanjaro akaupiga mlima wetu picha kutoka angani. Na hadi leo duniani kuna watu wanaojiundia ndege nyumbani kama akina Wright. Ndege za sasa zimejaa nyaya za umeme, na shida ya Orville imehamia huko: mtikisiko wa injini unachomoa plagi polepole, siku moja saa zinazima ukiwa hewani.

Mliozoea kafe mnaijua ile kebo ya bluu ya monita, yenye skrubu mbili ndogo pembeni. Wengi huwa hatuzikazi. Plagi za umbo hilohilo la herufi D zinatumika sana nyuma ya redio na vyombo vya ndege hizo, na kule skrubu hizo si mapambo, ndizo zinazozuia plagi isitembee. Na iwe skrubu yake. Plagi nyingi za aina hiyo zinatumia meno ya kipimo cha inchi kinachoitwa 4-40. Ukilazimisha M3 ya milimita, kwa macho zinafanana, lakini M3 ni nene kidogo na meno yake yamebanana zaidi, kwa hiyo unaliwa meno. Gundi ya kufungia skrubu nayo ipo, mjukuu wa ile ya Kitty Hawk, ila iwe tone dogo tu na mbali na plastiki, maana baadhi ya plastiki inazipasua. Halafu nyaya zenyewe zifungwe mahali, uzito wake usining'inie kwenye plagi.

Huna ndege? Una pikipiki. Bodaboda anayepanda na abiria usiku kwenda Kibosho au Uru, kwenye vumbi na mawe, anatikiswa kuliko ndege nyingi. Nimeshaona taa za mbele zimefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu na waya umesokotwa kwa vidole. Taa ikizima kwenye kona yenye korongo pembeni, hakuna wa kumlaumu ila ile skrubu ya shilingi chache. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Ndiyo maana mimi nikisikia jina la Orville Wright siioni ndege kwanza. Naiona ile gundi ya tairi kwenye nati.

Mafundi wa Moshi na kwingineko, nyie mnazuiaje nati zisilegee? Tupieni maoni hapo chini, tujifunze wote. Tuko pamoja.