Wilhelm Maybach na Kabureta

Bila shaka umewahi kumtazama dereva akiondoa gari kituoni. Akikanyaga kidogo pedali ya mafuta, gari huenda polepole; akizidi kuikanyaga, gari huongeza mwendo. Je, umewahi kujiuliza jinsi mguu wa dereva unavyoiamuru injini? Soma habari za Wilhelm Maybach, nawe utaelewa.

Maybach alizaliwa mwaka 1846 katika mji wa Heilbronn, Ujerumani. Baba yake alikuwa seremala. Alipofikia umri wa miaka 10, alikuwa amekwisha kufiwa na wazazi wote wawili. Alilelewa katika nyumba ya yatima mjini Reutlingen, ambayo ilikuwa na karakana. Walezi wake walitambua kipaji chake, wakamfundisha kuchora mitambo. Huko ndiko alikokutana na mhandisi Gottlieb Daimler, akawa rafiki yake mpaka Daimler alipofariki mwaka 1900.

Mwaka 1882 marafiki hao walihamia Cannstatt. Walifanya kazi ndani ya kibanda cha vioo bustanini kwa Daimler, wakitafuta injini ndogo, nyepesi na yenye kasi. Inasimuliwa kwamba kwa sababu ya usiri wao walishukiwa kuwa wanatengeneza fedha bandia. Polisi walipoingia kupekua, walikuta vyuma vya injini tu! Mwaka 1885 injini yao iliendesha pikipiki ya mbao.

Hata hivyo, palikuwa na tatizo kubwa. Petroli haiwaki vizuri ndani ya injini mpaka ichanganyike na hewa kwa kiasi kinachofaa. Siku hizo hewa ilichukua mvuke wa petroli tu, na mvuke huo ulikuwa mara mwingi, mara haba. Petroli ikizidi, injini hutoa moshi mweusi. Ikipungua mno, injini huzimika. Nguvu ilikuwapo, lakini haikuwa na kipimo.

Mwaka 1893 Maybach alipata njia bora. Alitengeneza kabureta yenye tundu jembamba la kunyunyizia petroli. Petroli ilikaa katika chombo kidogo chenye boya, ambalo liliizuia isizidi kimo chake. Hewa iliyovutwa na injini ilipita kwa kasi karibu na lile tundu. Kumbuka kwamba mahali hewa inapopita kwa kasi, kanieneo yake hupungua. Kwa hiyo petroli ilivutwa tunduni, ikatoka kama manyunyu na kuchanganyika na hewa.

Katika kabureta zilizotumika kwenye magari mengi baadaye, kuna kilango cha bamba la duara. Kilango kikifunguka zaidi, hewa nyingi hupita, nayo huvuta petroli zaidi. Kilango hicho hugeuzwa na mkono mfupi wa chuma. Fimbo au waya huunganisha mkono huo na pedali. Basi, mguu wa dereva ukishuka, fimbo huvuta mkono, na kilango hufunguka. Mguu ukiinuka, springi hukifunga.

Mkono huo ni wenzo. Ukirefushwa, mwendo uleule wa fimbo hugeuza kilango kidogo zaidi. Ukifupishwa, hukigeuza zaidi. Fikiria fundi anayefunga kabureta ya aina nyingine katika gari la zamani. Mkono wa kabureta hiyo ukiwa mrefu mno, dereva atakanyaga pedali mpaka chini, lakini kilango hakitafunguka chote. Ukiwa mfupi mno, gari litaruka kwa kuguswa kidogo. Kwa hiyo fundi huchagua mahali panapofaa pa kushikizia fimbo. Kisha, injini ikiwa imezimwa, mwenzake hukanyaga pedali, naye hutazama kilango kikifunguka chote na kurudi. Asipofanya hivyo, fimbo inaweza kukwama na kilango kikabaki wazi. Gari la namna hiyo haliwezi kumtii dereva, na watu huweza kupoteza maisha.

Maybach aliendelea kuunda vyombo vyenye nguvu na utii. Gari la Mercedes alilolisanifu, lililotokea mwaka 1901, lilikuwa na nguvu farasi 35. Mwaka 1907 aliacha kazi katika kampuni iliyoanzishwa na Daimler, na baadaye yeye na mwanawe Karl walishughulika na injini za ndege-puto kubwa. Alifariki mwaka 1929, akiwa na umri wa miaka 83.

Leo magari mapya hayatumii kabureta; vyombo vya umeme hupima petroli. Lakini kanuni ni ileile: injini njema si ile yenye nguvu tu, bali ni ile inayotii.

Jaribio
Simamisha mrija mfupi ndani ya glasi iliyojaa maji, ncha yake itokeze kidogo juu. Kwa mrija mwingine, puliza kwa nguvu juu ya ncha hiyo. Unaona nini? Tumia maji tu. Kamwe usitumie petroli.

Maswali
1. Kwa nini petroli huchanganywa na hewa?
2. Boya lina kazi gani katika kabureta?
3. Ni hatari gani hutokea kilango kikikwama wazi?
4. Eleza jinsi urefu wa mkono unavyobadili mwendo wa kilango.