Theodor Kocher na Tezi ya Shingo

Weka vidole viwili shingoni, chini kidogo ya koromeo, kisha umeze mate. Hapo ndipo ilipo tezi iitwayo thairoidi. Umbo lake lafanana na kipepeo aliyekunjua mabawa. Tezi za mate humimina mate kinywani kwa mirija; thairoidi haina mrija. Homoni zake huingia katika damu moja kwa moja, nayo damu huzieneza mwilini kote. Homoni hizo huongoza kasi ya mwili kutumia chakula, na kukua kwa mtoto. Mambo haya yalijulikana kwa njia ya masikitiko.

Theodor Kocher alizaliwa mwaka 1841 katika mji wa Bern, nchini Uswisi. Nchi hiyo ni ya milima, kama ulivyo Upare wetu. Mvua inyeshapo juu ya mitelemko, iwe ya Uswisi au ya Kighare, huosha udongo na kuchukua madini joto. Thairoidi ikikosa madini hayo haiwezi kutengeneza homoni za kutosha, nayo huvimba na kuwa rovu. Waswisi wengi walikuwa na marovu, mengine makubwa hata kuzuia pumzi.

Kocher alikuwa daktari wa upasuaji mwenye mkono wa taratibu. Wagonjwa ambao wangalikufa kwa kutokwa na damu walipona mikononi mwake. Mwaka 1874 alimpasua msichana wa miaka 11, akaiondoa thairoidi yote. Kidonda kilipona vizuri. Baadaye daktari mwingine alimpasha habari kwamba msichana huyo amebadilika. Zamani yeye na mdogo wake walifanana hata watu wakawachanganya. Sasa mdogo alikuwa amekua, lakini yeye alibaki mfupi, mzito wa mwili na wa fikra.

Si vigumu kuwaza kwamba mwingine angalinyamaza. Mwaka 1883 Kocher aliwaita wagonjwa wake wa zamani. Miongoni mwa 18 waliofika wakiwa wameondolewa tezi yote, 16 walikuwa wamedhurika. Aliyatangaza hayo mbele ya madaktari wenzake, na tangu hapo akawa anabakiza sehemu ya tezi alipopasua rovu. Sababu hasa hakuitambua mara moja. Alidhani kwanza kwamba hewa haikupita vizuri kooni.

Mwaka 1891 daktari Mwingereza, George Murray, alimdunga mgonjwa wa namna hiyo maji yaliyotolewa katika thairoidi ya kondoo, naye akapata nafuu. Hapo ilidhihirika kwamba tezi hutoa kitu ambacho mwili hauwezi kukikosa. Kocher alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909, akafariki mwaka 1917.

Miaka mitano baadaye Uswisi ilianza kutia madini joto katika chumvi. Kwetu Tanzania kazi hiyo ilienea katika miaka ya 1990. Leo jioni soma pakiti ya chumvi iliyoko jikoni kwenu, uone kama madini joto yametajwa.