Ahmad bin Majid, Rubani wa Bahari Yetu



Safari hii nimepewa ukurasa wa wasifu, na najua wapo watakaouliza mtu wa uhandisi anatafuta nini kwenye historia. Jibu langu ni fupi. Kazi yangu ya uzamili inahusu skrini za chumba cha rubani, zile zinazomwonesha ndege nyingine zilizo karibu naye. Na neno rubani, kabla halijapanda ndege, lilikuwa neno la baharini. Mtu aliyelibeba kwa heshima kubwa katika bahari yetu ni Ahmad bin Majid. Wengi wetu shuleni tulimsikia kwa sentensi moja tu, kwamba ndiye aliyempeleka Vasco da Gama India. Mimi nasema sentensi hiyo ina ushahidi dhaifu sana, na imemdhulumu mzee wa watu.

Ahmad alizaliwa Julfar, katika miaka ya 1420 au 1430. Leo mahali hapo ni Ras al-Khaimah, ndani ya Umoja wa Falme za Kiarabu, lakini zama zile ilikuwa ni pwani ya Oman tu. Ndiyo maana hapa Muscat wanasema ni mtu wao, na majirani nao wanasema ni wao. Ukoo wake ulikuwa wa bahari. Babu yake alikuwa rubani, na baba yake aliitwa rubani wa pwani mbili, yaani pwani zote mbili za Bahari ya Shamu. Baba huyo alitunga shairi refu la beti zipatazo elfu moja kuhusu njia za bahari ile yenye miamba mingi. Ahmad alilisoma, akalitumia, na pale alipoona kwa macho yake kwamba mambo si hivyo, alilisahihisha. Hakuona kwamba kumsahihisha baba ni kumvunjia heshima. Maisha ya watu yalikuwa mikononi mwake.

Cheo chake kilikuwa muallim. Naam, ni neno lile lile lililotupa sisi mwalimu. Ndani ya jahazi kulikuwa na nahodha, ambaye ndiye mkubwa wa chombo na biashara yake, na kulikuwa na muallim, ambaye kazi yake ni kujua chombo kiko wapi na kinakwenda wapi. Akikosea, wote wanazama, tajiri na mtumishi.

Aliacha maandishi yapatayo arobaini, mengi yake mashairi. Usishangae. Shairi halilowi maji wala haliibiwi, baharia analiweka kichwani na usiku wa giza analitoa. Mwaka 1462 alimaliza shairi lake kubwa liitwalo Hawiya, juu ya misingi ya elimu ya bahari. Kiasi cha mwaka 1490 akaandika kitabu cha nathari, Kitab al-Fawaid, chenye milango 12. Humo mna nyota, misimu ya pepo, njia, vipimo, hata alama za kukaribia nchi kavu: ndege, nyoka wa baharini, majani na rangi ya maji.

Hebu tuangalie alivyofanya kazi. Duara la upeo wa macho aliligawa sehemu 32, na sehemu hizo zilipewa majina ya nyota zinapochomoza na zinapotua. Kaskazini ilikuwa Jah, nyota ya ncha, na kusini ilikuwa Suhail. Mabaharia wa zamani wa pwani yetu nao waliita kaskazini jaa na kusini suheli, kwa hiyo elimu hii si ya kigeni kwetu. Njia ya safari aliiita dira. Kulikuwa na dira ya kufuata pwani, kulikuwa na dira ya kukata bahari kuu kutoka pwani hadi pwani, na kulikuwa na ile ya kubadilisha mwelekeo katikati ya safari. Sisi leo tunaita dira kile chombo chenye sindano, lakini kwake yeye dira ilikuwa mwendo wenyewe.

Kujua amefika wapi upande wa kaskazini au kusini, alipima urefu wa nyota juu ya bahari kwa vidole. Kifaa kilikuwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo: fundo unaling'ata kwa meno, kibao unakishika mbele ya jicho. Kidole kimoja ni zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Muda wa mwendo aliuhesabu kwa zamu, na zamu moja ni saa 3. Zamu nane za kwenda moja kwa moja kaskazini zilihesabiwa kuwa zinapandisha nyota ya ncha kidole kimoja. Kwa mtu wa uhandisi hesabu hii ni tamu, maana mwendo, muda na mahali vimefungwa katika kanuni moja ambayo baharia anaibeba kichwani.

Pwani yetu aliijua vizuri. Shairi lake la Sofala linaeleza njia za upande huu wa bahari, na ndani yake mna Mogadishu, Malindi, Mombasa, Kilwa hadi Sofala yenyewe, katika Msumbiji ya leo. Kwa hiyo msomaji wa Lamu au wa Kilwa asimwone mtu huyu kama wa mbali.

Sasa tuje mwaka 1498. Vasco da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili. Mfalme wa Malindi alimpa rubani, wakaondoka tarehe 24, na tarehe 20 Mei wakawa mbele ya Calicut. Rubani huyo ni nani? Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanasema alikuwa mtu wa Gujarat, na wanamwita Malemo Cana au Malemo Canaqua. Ukilitazama vizuri, si jina hilo, ni vyeo: Malemo ni muallim, na Canaqua ni neno la Kihindi la mnajimu. Basi jina la Ahmad lilitoka wapi? Lilitoka kwa mwanachuoni wa Makka, Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyeandika katika miaka ya 1570, zaidi ya miaka 70 baada ya safari ile. Yeye ndiye aliyesema kwamba Ahmad bin Majid aliwaonesha Wareno njia baada ya kuleweshwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wa Kifaransa Gabriel Ferrand, aliyefufua maandishi ya Ahmad kutoka maktaba ya Paris, akaiunganisha habari hiyo na rubani wa Malindi, na dunia nzima ikaipokea.

Tatizo ni kwamba mwaka 1498 Ahmad alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sitini. Katika maandishi yake yote yaliyotufikia hakuna mahali anaposema aliwaongoza Wareno. Watafiti kama Tibbetts, aliyetafsiri Fawaid mwaka 1971, na Sultan bin Muhammad al-Qasimi, mtawala wa Sharjah, wameikataa habari hiyo. Lakini aibu ya mlevi aliyeuza bahari ya ndugu zake imeshaandikwa, na bado inasomeshwa.

Hapa nirudi kidogo kwenye skrini zangu, mtaona kwa nini. Mwaka 1996 ndege mbili ziligongana angani huko Charkhi Dadri, karibu na Delhi, wakafa watu 349. Baada ya hapo India ililazimisha ndege kuwa na mtambo wa kuzuia kugongana. Mtambo huo unaihoji ndege nyingine kwa redio. Muda wa jibu kurudi unatoa umbali, jibu lenyewe linataja kimo, na antena inakisia upande jibu lilikotoka. Upande huo una makosa ya digrii kadhaa. Kwa hiyo rubani anaoneshwa umbo la almasi, na tarakimu za tofauti ya kimo, pamoja na kishale kama jirani anapanda au anashuka. Jirani yupo, lakini pua yake inatazama wapi, almasi haisemi. Ndiyo maana marubani hufundishwa wasikate kona kwa kuitazama almasi peke yake.

Mfumo mpya zaidi ni tofauti. Ndege yenyewe inapata mahali ilipo na mwendo wake kutoka kwenye setilaiti, kisha inatangaza kila baada ya muda mfupi, kiasi cha mara mbili kwa sekunde. Skrini inayopokea matangazo hayo inaweza kuchora umbo lenye ncha linaloelekea kule ndege inakokwenda. Tena kinachooneshwa ni njia inayopita juu ya ardhi, maana upepo wa ubavuni huifanya pua itazame kwingine. Na kama habari ya mwelekeo haikupatikana, skrini hairuhusiwi kubuni ncha. Inabaki almasi.

Ahmad wa mwaka 1498 ni almasi. Tunajua alikuwepo duniani, tunajua bahari yake. Waliomchorea ncha ya kuelekea Calicut hawakuwa na habari ya kutosha.

Tarehe za mwisho tunazozijua katika maisha yake ni za karibu na mwaka 1500. Elimu yake haikufa naye. Sulaiman al-Mahri aliiendeleza mwanzoni mwa karne ya 16, na mwaka 1554 amiri wa Kituruki Sidi Ali Reis akaichukua katika kitabu chake cha bahari. Shairi la Sofala lilikutwa Leningrad na Theodor Shumovsky akalichapisha mwaka 1957.

Mkija Muscat, piteni mzunguko wa barabara wa Al Bustan, muione jahazi Sohar iliyoshonwa kwa kamba bila misumari. Mwaka 1980 iliondoka hapa, na mwaka 1981 ikafika China, na njiani mabaharia wake walipima nyota kwa kibao na uzi. Kifaa cha kina Ahmad bado kinafanya kazi.

Basi ndugu zangu, wengi wetu tuna wadogo zetu nyumbani wanaosoma historia. Mkiwapigia simu, waulizeni kitabu chao kinasemaje juu ya Ahmad bin Majid. Kama ni ile sentensi moja, waongezeeni hizi nyingine.