Charles Fey, fundi aliyeipa mashine ya kamari magurudumu matatu

Wengi wetu tumeziona mashine za kamari madukani na kwenye vilabu vya pombe: sarafu inaingia, picha zinazunguka, mtu anasubiri bahati yake. Leo tunamwangalia fundi aliyeanzisha mtindo huo.

Charles Fey alizaliwa mwaka 1862 katika kijiji cha Vöhringen, Ujerumani. Aliondoka kwao akiwa bado kijana, akafanya kazi Ufaransa, kisha London, alikojifunza kutengeneza vifaa vya mabaharia. Baadaye alivuka bahari hadi Marekani na kuishi San Francisco. Huko aliugua kifua kikuu, lakini akapona.

Mwishoni mwa miaka ya 1890, katika karakana yake ndogo, aliunda mashine aliyoiita Liberty Bell, yaani Kengele ya Uhuru. Ilikuwa ya chuma, yenye springi, mkono wa kuvuta na magurudumu matatu. Juu ya magurudumu kulikuwa na picha za kiatu cha farasi, shupaza, uru, kopa na kengele. Mchezaji aliingiza sarafu ya senti 5. Kengele tatu zikijipanga, mashine yenyewe ilimwaga sarafu 10, na hiyo ndiyo iliyokuwa zawadi kubwa kuliko zote.

Hapa tufanye hesabu. Kila gurudumu lilikuwa na vituo 10. Kumi mara kumi mara kumi ni 1,000. Mchezaji aliona picha tatu tu, lakini alikuwa akishindana na mipangilio 1,000.

Fey aliijua hesabu hiyo. Hakukubali kuuza mashine zake. Aliziweka kwenye baa, kisha yeye na mwenye baa wakagawana faida nusu kwa nusu.

Hata hivyo, hakulindwa na sheria dhidi ya waigaji. Kampuni ya Mills Novelty ya Chicago ilitoa mashine inayofanana na yake na kuitengeneza kwa wingi. Mwaka 1906 tetemeko la ardhi na moto viliteketeza karakana yake. Mwaka 1909 San Francisco ikapiga marufuku mashine hizo.

Fey alifariki mwaka 1944. Mashine za siku hizi zinatumia umeme na kompyuta, lakini jambo moja halijabadilika: aliyeiunda amekwisha kupiga hesabu kabla wewe hujatoa sarafu mfukoni.