Geoffrey Keen: Mdosi wa James Bond Aliyetokea kwa Muvi ya Naro Moru, na Bado Jina Lake Hulijui

Kila muvi iko na stelingi. Ukiingia video yoyote Nyeri, Karatina ama Nanyuki, DJ Afro akianza tu kupiga stori, wasee wanataka kujua kitu moja: stelingi ni nani? Huyo ndiye hafi. Wengine wote wamekuja kupigwa, kulia ama kutoa amri halafu wapotee.

Leo tunaongea kuhusu mmoja wa hao wengine. Anaitwa Geoffrey Keen, Mwingereza aliyeaga 2005 akiwa na miaka 89. Kama umewahi kuona James Bond za kitambo, sura yake unaijua. Na kama wewe ni mtu wa Kieni, huyu jamaa anakuhusu kuliko unavyofikiria.

Buda yake alikuwa staa

Keen alizaliwa tarehe 21 Agosti 1916, Wallingford, Uingereza. Baba yake, Malcolm Keen, alikuwa mwigizaji wa nguvu. Mzee huyo alitokea kwa muvi tatu za Alfred Hitchcock zile za kimya, enzi watu wanafungua mdomo na sauti haitoki: The Mountain Eagle, The Lodger na The Manxman. Kwa hivyo kijana alikua akijua hii kazi iko na utamu na pia iko na njaa.

Alisomea RADA, chuo kikubwa cha uigizaji London, akaingia jukwaani kufanya Shakespeare. Halafu vita vya pili vya dunia vikalipuka na yeye akawa mwanajeshi kwa kikosi cha matibabu. Hata huko jeshini kamera ilimfuata. Mwaka wa 1943 alitokea kwa The New Lot, muvi fupi ya kufunza makurutu iliyotengenezwa na Carol Reed. Reed hakumsahau. Vita vilipoisha alimpa kazi kwa The Fallen Idol ya 1948, na mwaka uliofuata akampa kipande kidogo kwa The Third Man.

Hapo ndipo maisha yake yaliposhika njia. Hakuwa na sura ya kuangusha madem. Alikuwa na uso mzito, paji pana, na sauti ya mtu ambaye akisema kaa chini, unakaa. Wakubwa wa sinema wakaona huyu ni wa kupewa vyeo. Karao, daktari, mwanasheria, jenerali, waziri. Ukihitaji mtu wa gava kwa muvi, unapigia Keen simu.

Lakini usimweke kwa boksi moja

Watu wengi hapo ndipo hukosea. Wanadhani alikuwa anavaa suti tu na kukunja uso. Cheki hii list.

Mwaka wa 1950 kwa Treasure Island ya Disney alikuwa Israel Hands, haramia mchafu anayemkimbiza kijana Jim Hawkins hadi juu ya mlingoti wa meli na kisu mkononi. Hiyo haina suti.

Mwaka uliofuata, 1951, alikuwa padri. Muvi ilikuwa Cry, the Beloved Country, ya Zoltan Korda, iliyopigwa Afrika Kusini wakati ubaguzi wa rangi umeshawekwa kwa sheria. Keen alicheza Father Vincent, mzungu anayesimama na mchungaji Mwafrika ambaye mtoto wake ameua. Waigizaji wakubwa weusi kwa hiyo muvi walikuwa Canada Lee na kijana anaitwa Sidney Poitier. Keen hakuwa stelingi, lakini alikuwa hapo.

Mwaka wa 1965 alikuwa profesa wa udaktari kwa Doctor Zhivago. Mwaka huohuo BBC ilianza kipindi cha TV cha kampuni ya mafuta, Mogul, ambacho baadaye kiliitwa The Troubleshooters. Keen alikuwa Brian Stead, mdosi mkali wa ofisi. Kipindi kilienda hadi 1972, na hapo ndipo Waingereza wengi walimjulia, sebuleni, wiki baada ya wiki.

Mwaka wa 1970 alifanya mbili tofauti kabisa. Kwa Cromwell alikuwa John Pym, mbunge anayempinga mfalme. Kwa Taste the Blood of Dracula alikuwa Hargood, mzee wa kanisa mchana, mhanyaji usiku, mtu wa kumchapa binti yake kwa kuongea na kijana huku yeye mwenyewe akijua njia zote za danguro. Binti ndiye anamuua, na sepetu. Wasee, huo ni unafiki ambao hata Nyeri tunaujua.

Mara sita na 007

Halafu ikaja kazi iliyomweka kwa kila TV duniani. Mwaka wa 1977, akiwa amegonga miaka 60, alitokea kwa The Spy Who Loved Me kama Sir Frederick Gray, waziri wa ulinzi wa Uingereza. Akarudi kwa Moonraker 1979, For Your Eyes Only 1981, Octopussy 1983, A View to a Kill 1985 na The Living Daylights 1987. Hizo ni sita. Roger Moore alikuja akaenda, Timothy Dalton akaingia, na waziri alikuwa bado ofisini. Ukifikiria vile mawaziri hubadilishwa huku kwetu, hiyo ni rekodi.

Kazi yake kwa Bond ilikuwa kukasirika kwa heshima. Kwa Moonraker, Bond anamvalisha maski ya gesi akimwambia kuna sumu kwa maabara. Wanaingia mbio, wanapata sebule safi na tajiri Drax anawaangalia. Mheshimiwa amechomwa picha mbaya sana. Keen hafanyi vituko, hapigi kelele. Anabaki tu na uso wa mtu mkubwa aliyeaibishwa, na wewe unacheka.

Kuna kitu ingine watu hawakushtukia. Bernard Lee, yule aliyekuwa M tangu Bond ya kwanza, aliaga Januari 1981. Watengenezaji hawakutaka kumweka mtu mwingine haraka kwa kiti chake. Kwa For Your Eyes Only, Gray pamoja na Tanner, msaidizi wa M, ndio walimpa Bond kazi. Stelingi akikosa mdosi, mtu wa pembeni anashikilia nyumba isianguke.

Sasa turudi Naro Moru

Ukitoka Nyeri na mat ya kwenda Nanyuki, unapita Kiganjo, unaingia Kieni, halafu Naro Moru inakuja na mlima uko kulia kwako. Hapo ndipo kambi ya Born Free iliwekwa, Kenya ikiwa ndio imetoka kupata uhuru. Muvi ilitoka 1966, ikashinda Oscar mbili, zote za muziki wa John Barry, moja akiigawana na Don Black aliyeandika maneno ya wimbo.

Stori unaijua. George na Joy Adamson wanalea mtoto wa simba, Elsa, halafu wanamfunza kuishi porini. Bill Travers na mke wake Virginia McKenna ndio walikuwa stelingi. Wakenya walikuwa pia: Peter Lukoye akiwa Nuru na Omar Chambati akiwa Makkede. Hao nao ni watu wa pembeni, na majina yao husemwa mara chache kuliko ya simba.

Keen alikuwa Kendall, mkubwa wa idara ya wanyama, rafiki wa familia. Elsa anafukuza ndovu, ndovu wanaingia kijijini na kuvuruga mashamba ya watu. Kendall anakuja na kusema ukweli ambao hakuna mtu anataka kusikia: huyu simba hawezi kukaa hapa, atafutiwe zoo. Joy anakataa, anaomba nafasi ya kumfunza Elsa kuwinda, na Kendall analegeza, anawapa muda.

Ukiwa majuu unatazama hiyo scene, Kendall ni mtu mbaya wa ofisi. Ukiwa Kieni ni tofauti. Mtu ambaye ndovu wamekanyaga waru zake usiku mmoja na mkopo bado haujalipwa anajua Kendall ameuliza swali la maana: nani atalipa? Ua la stima la Aberdare, karibu kilomita 400, lilimalizwa 2009 kwa sababu ya swali hilohilo. Kwa muvi nzima, mzungu wa gava ndiye pekee anayekumbuka kuna watu na mashamba. Na inafanya kazi kwa sababu Keen hakumchezea Kendall kama adui. Alimcheza kama mtu anayempenda rafiki yake na bado ana kazi ya kufanya.

Kile muvi haisemi ni kingi pia. Elsa alizaliwa 1956. Mwaka huohuo, Oktoba, Dedan Kimathi alikamatwa Nyeri, na watu wa hapa walikuwa wamefungiwa kwa vijiji vya Hali ya Hatari. Dunia ililia kwa sababu ya simba kupewa uhuru. Msee wa Nyeri akiitazama leo ana haki ya kuuliza vile uhuru wa wengine haukupata hata dakika moja ya kamera.

Halafu kuna hii, na ni ngori. Kamera zilipozimwa, simba wengi waliotumika kwa muvi ya uhuru walipelekwa zoo. Watatu tu, Boy, Girl na Ugas, ndio walipewa George Adamson akaenda nao Meru kuwafunza pori. Travers na McKenna hawakusahau. Mwaka wa 1984 walianzisha Zoo Check, ambayo baadaye ikawa Born Free Foundation. Kile Kendall alisema kwa muvi ndicho kilitokea kwa ukweli, tofauti ni kwamba hakukuwa na mtu wa kulegeza.

Aliondoka kimya

Baada ya The Living Daylights, Keen alianza kupumzika. Hakukuwa na kashfa, hakukuwa na vituko vya magazeti. Aliaga tarehe 3 Novemba 2005. Stelingi wengi wa wakati wake walipanda juu, wakashuka, wakasahaulika. Yeye alichapa kazi miaka arobaini na kitu kwa kutokea dakika tano, kuzifanya ziwe kweli, na kwenda nyumbani.

Siku hizi vijana kutoka Nyeri hadi Meru wanapiga skits na simu, na kila mmoja anataka kuwa stelingi. Ni sawa. Lakini skit ikiwa na stelingi wanne na hakuna mtu wa kucheza chifu, karani ama mama wa kibanda na akaaminika, inaanguka. Hiyo kazi haina mabango, lakini ndiyo inafanya watu waamini uongo wako.

Wikendi hii ukipata Born Free mahali, itazame tena. Wacha simba kidogo, muangalie mzee wa gava akiingia. Halafu tafuta majina ya Lukoye na Chambati zikipita mwisho, na uzisome hadi ziishe.