SIDNEY THOMAS, KARANI ALIYESHINDA FOSFORI



Wengi kati yetu wanazani kama kazi ya kutengeneza chuma ni ya watoto wa mainjinia tu. Basi sikilizeni maisha ya Sidney Gilchrist Thomas.

Alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1850. Alitaka kusoma uganga, lakini baba yake akakufa, na mwaka 1867 kijana akaingia kazi ya karani ku tribinali ya polisi. Mshahara ulikuwa kidogo. Mchana aliandika mambo ya kesi. Magaribi alienda kusoma shimi ku Birkbeck, shule ya watu wa kazi.

Toka mwaka 1856, kwa njia ya Bessemer, watu walipitisha upepo ndani ya chuma chenye kuyeyuka ili kigeuke chuma cha pua. Lakini mawe mengi ya chuma ya Ulaya yalikuwa na fosfori. Hiyo haikutoka, na chuma kilipasuka sawa chungu. Mwalimu mmoja aliambia darasa kama mwenye kuiondoa atapata mali nyingi. Thomas akashika neno hilo miaka mingi.

Akafikiri hivi: fosfori ikiungua inageuka asidi. Matofali ya ndani ya tanuru nayo ni ya asidi, hayawezi kuishika. Kumbe inafaa chokaa, mu matofali na mu chuma chenyewe! Binamu yake Percy Gilchrist, fundi wa shimi ku kiwanda cha Blaenavon, Wales, akajaribu pamoja naye.

Mwaka 1878 akatangaza habari hiyo mbele ya wakubwa wa chuma. Hawakumjali. Mwaka 1879, ku Middlesbrough, jaribio kubwa likafaulu. Chokaa ilishika fosfori, ikatoka pamoja na mavi ya chuma. Tena mavi hayo yakisagwa yakawa mbolea ya mashamba!

Lakini mapafu yake yalikuwa yameharibika. Alikufa Paris mwaka 1885, na miaka 34 tu. Mali yake aliiacha mikononi mwa dada yake, isaidie watu.

Ndugu wa mwaka wa sita, karibu tutachagua njia zetu. Mimi ninayezunguka mu etidi ninaona vichwa vingi vimelala juu ya kaye ya shimi. Thomas naye alikuwa amechoka na kazi ya mchana kutwa, lakini saa ile ya magaribi njo ilimfungulia mlango. Tuamke.